Wasee, Tassman 5 Haikuji

Wacha niseme mara moja halafu mnitusi mkitaka. Tassman 5 haikuji. Haikuji Krismasi, haikuji mwaka ujao, haikuji hata ukiendelea kuwaandikia barua pepe kila Januari kama mtu anayeulizia mahari. Na si hiyo peke yake. Nusu ya apdeti unazongoja kwenye laptopu yako hazikuji, na ninataka tuongee kuhusu kile kungoja kunatufanyia.

Kwa wenye hawajui hii ni nini: Tassman ni sinthesaiza ya kompyuta iliyotengenezwa na Applied Acoustics Systems, kampuni ndogo ya Montreal, Kanada, iliyoanzishwa 1998. Toleo la 4 lilitoka 2004. Mwaka huo mimi nilikuwa bado nanyonya. Leo niko na kitambulisho, niko na deni la Fuliza, nimeingia kampasi na nikatoka bila cheti, na bado kuna watu wazima wanangoja toleo la 5. Kampuni yenyewe ilishaacha kuuza hiyo kitu. Wanaongoja ndio hawajaacha.

Na kabla useme "si watafute ingine," sikiza kwanza kwa nini wanangoja. Siwacheki. Kitu yenyewe ilikuwa moto.

Sinthesaiza ya kawaida inachukua wimbi la umeme, inalichuja, inalipaka reva, basi. Ile ya sampuli, mtu amekaa studio akarekodi kila noti ya piano, wewe ukibonyeza inakuchezea rekodi. Tassman haikufanya hivyo. Ndani yake ulipata vipande: kamba, ubao, ngozi ya ngoma, bomba, nyundo, upinde. Unachukua nyundo unaiunganisha na kamba, kamba unaipitisha kwenye ubao, halafu programu inapiga hesabu. Kamba ya urefu huu, ikigongwa hapa, kwa nguvu hii, itatikisika vipi? Hiyo hesabu ndiyo sauti unayosikia. Hakuna rekodi yoyote. Ukigonga kwa nguvu kidogo, sauti inabadilika yenyewe, kwa sababu kamba ya ukweli pia hubadilika.

Yani hukupewa ala. Ulipewa karakana ya kutengeneza ala.

Sasa niambie, nani duniani anahitaji karakana kama hiyo kuliko prodyusa wa Kayole mwenye laptopu ya mtumba?

Anza na nafasi. Wengi wetu tuko na mashine ya GB 128, na nusu ishajaa picha za binamu. Maktaba moja ya okestra ya sampuli inaweza kula makumi ya GB. Hiyo ni bando ya nani? Lakini Pianoteq, piano ya hesabu kutoka kampuni ya Modartt pale Toulouse, Ufaransa, ni kama MB 50 hivi. Piano nzima! Ndogo kuliko video ya mchongoano uliyotumiwa asubuhi. Njia hii ya hesabu haikulazimishi uwe na diski kubwa. Inataka prosesa ifanye kazi, na wewe ujue unataka nini.

Halafu kuna hili linalonichoma zaidi. Fungua pakiti zako za sauti utafute nyatiti. Endelea, nakungoja. Mara nyingi utapata folda imeandikwa Afrika, ndani kuna djembe, kalimba, na mtu anapiga kelele kama yuko porini. Nyatiti ya Wajaluo yenye kamba 8, mwili uliofunikwa ngozi, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga mbao, na njuga mguuni: hakuna. Orutu yenye kamba moja: hakuna. Chivoti ya Mijikenda: hakuna. Kayamba ukibahatika utapata, na itakuwa imerekodiwa kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili.

Sisemi kampuni za Ulaya zina deni la kutuwekea nyatiti. Hawajui nyatiti, na soko letu kwao ni dogo. Ninasema karakana ya kuunda ala ilikuwa inatuondolea shida ya kuomba. Ukiwa na kamba, ngozi, chuma na nyundo, nyatiti unajenga mwenyewe, usiku, kwa kitanda, bila kumuuliza mtu. Kwa hivyo karakana ikifungwa, mtoto wa Berlin anapoteza kifaa kimoja kati ya mia. Wewe unapoteza mlango.

Basi ilifungwaje? Polepole, kama duka la mtaani linalofungwa bila kuaga. Programu za enzi hiyo ziliandikwa kwa mfumo wa biti 32, na Tassman ilibaki huko. Dunia ikahama. Ableton Live toleo la 10, mwaka 2018, ikaja na biti 64 peke yake. Mwaka 2019 Apple wakatoa macOS Catalina, na programu za biti 32 zikaacha kufunguka kabisa. Hakuna aliyekuja nyumbani kwako kuchukua programu yako. Ulibofya apdeti ya kompyuta, ukaamka, na kazi yako ya miaka ikawa faili zisizofunguka.

Niwe mkweli kwa watu wa Montreal: hawakulala. Walitoa String Studio, Chromaphone, na wakashirikiana na Ableton kutengeneza ala kama Tension na Collision ambazo ziko ndani ya Live. Baadaye wakarudi kwenye modula na Multiphonics CV-1. Kazi safi, hakuna ubishi. Lakini hiyo ni programu ingine yenye jina lingine. Ule ubao, ile ngozi na zile waya ulizounganisha ndani ya Tassman havikuhamia huko. Na hawa si wa pekee. Reaktor 6 ya Native Instruments ilitoka 2015. Miaka kumi ikaisha na namba ilikuwa bado 6. Kuna watu walioa, wakazaa, mtoto akafika darasa la pili, bado wanauliza ya 7.

Hapa ndipo mtu mmoja huniambia, "Buda, subira huvuta heri."

Najua. Tumelelewa nayo. Lakini waliosema hivyo ndio waliosema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na nashangaa mbona kila mwenye kukucheleweshea kitu anakumbuka methali ya kwanza tu. Subira ni ya mtu aliyepanda mahindi. Anajua mvua ya mwezi gani, anajua atavuna lini, na shamba ni lake. Wewe unayengoja apdeti hukupanda kitu, shamba si lako, na mwenye shamba hajakuambia kama alipanda.

Kungoja kwa aina hiyo nakujua vizuri. Kampasi niliyosoma ilipoteza maksi zangu za masomo mawili. Kila wiki nilikuwa naenda ofisi, naambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu mwenye faili hayuko. Semista mbili zikaisha nikiwa kwenye korido. Nilipoondoka, watu waliniuliza kama sikuogopa kupoteza muda. Muda gani tena? Na baadaye kuna kampuni ya plagini, ya nje, jina nitaliacha, nililipa kupitia kadi ya rafiki kwa sababu waliahidi toleo jipya "hivi karibuni", la bure kwa kila mteja. Huu ni mwaka wa pili. Ukurasa wao bado unasema hivi karibuni. Ile korido na huu ukurasa zina harufu moja.

Na unajua neno hivi karibuni linafanya kazi gani? Linakuzuia kuondoka. Kampuni ikisema "tumeacha", utalia wiki moja halafu utatafuta njia ingine. Ikisema "inakuja mwezi wa nane", utahesabu siku na utamdai mtu. Ikisema hivi karibuni, huwezi kulia na huwezi kudai. Unakaa tu. Unaendelea kuwa mteja wa kitu ambacho hakipo, na unaacha kujifunza kilichopo. Nawajua maprodyusa wawili hapa Nairobi walio na albamu nzima kichwani ambayo "itaanza vizuri apdeti ikitoka." Miaka mitatu. Hao wasee hawajakosa kipaji, wamekosa tarehe.

Sasa nisikie upande wa pili, kwa sababu mko na hoja.

Mnasema: kampuni ndogo, watu wachache, wanahitaji kula. Kweli kabisa. Sinthesaiza ngumu kama hii inanunuliwa na watu wachache wenye uvumilivu, na kuiandika upya kwa biti 64 ni kazi ya miaka. Kama haileti chapaa, siwezi kumwambia mzazi wa watoto wawili kule Kanada afanye kazi bure ili mimi nipate kamba. Mtu ana haki ya kufunga duka lake.

Lakini kufunga duka na kufunga duka na vitu vya wateja ndani ni mambo mawili. Fundi wa nguo akiamua kurudi ushago, anakurudishia kitambaa chako. Hata kama hakushona.

Kwa hivyo madai yangu kwa kampuni yoyote ya programu ni matatu, na hakuna hata moja linalogharimu kutengeneza toleo jipya. La kwanza: ikifa, sema imekufa, kwa siku moja, kwa sentensi moja. La pili: toa kufuli la usajili, ili aliyelipa aendelee kuifungua kwenye mashine yake ya zamani hata sava zenu zikizimwa. La tatu: weka msimbo wazi, watu wengine waendelee nayo. Na kama msimbo huwezi kuutoa kwa sababu hesabu ileile bado inakulisha kwenye bidhaa zingine, naelewa. Basi toa maelezo ya namna faili zinavyohifadhiwa, ili mtu aweze kusoma alichokijenga na kukijenga tena mahali pengine.

Na usiniambie haiwezekani, kwa sababu imefanyika.

Surge ilikuwa sinthesaiza ya kuuza, ya kampuni ya Vember Audio, ya miaka hiyohiyo ya katikati ya 2000 kama Tassman 4. Ingekufa kimya pia. Lakini 2018 mwenye kuiandika, Claes Johanson, akaweka msimbo wazi. Watu wakaichukua. Leo inaitwa Surge XT, ni bure, inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux, na ndani yake kuna chanzo cha sauti cha kamba kinachofanya hesabu kama ile tunayoongelea.

Angalia tena Mutable Instruments ya Émilie Gillet, Ufaransa. Alikuwa anauza modula za chuma na waya, zikiwemo Elements na Rings, ambazo ni hesabu ya kamba, sahani na mabomba. Mwaka 2022 akafunga kampuni. Umesikia mtu analia anangoja? Hapana, kwa sababu msimbo alikuwa ameshauweka wazi. Rings ikaingia VCV Rack, programu ya modula ambayo Andrew Belt aliitoa 2017 na ina toleo la bure. Msimbo wa modula yake ingine, Plaits, ukaingia Surge XT. Duka lilifungwa, na ala zinaendelea kupigwa.

Na hata VCV Rack yenyewe iliwangojesha watu. Kwa miaka walitaka kuitumia kama plagini ndani ya programu yao ya biti, na ilipofika mwaka 2021 na Rack 2, ikawa kwenye toleo la kulipia. Haki yao. Lakini msimbo ulikuwa wazi, kwa hivyo watu wengine wakajenga Cardinal juu yake, plagini ya bure inayofungua modula nyingi za Rack. Hawakuandika barua pepe. Hawakuomba. Waliweza kuacha kungoja kwa sababu mlango haukuwa na kufuli. Hiyo ndiyo tofauti yote ninayotaka uone kabla hujafungua programu mpya na kuipa miaka yako mitano: ikifa, kuna mtu mwingine anaruhusiwa kuiamsha?

Sasa, kwa sababu sipendi mtu wa kulalamika bila kuacha kitu mezani, chukua hii. Ni kamba. Ni yako, ya bure, na haitahitaji apdeti maisha yako yote.

Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alex Strong walichapisha njia ya kutengeneza sauti ya kamba ambayo mtoto wa sekondari anaielewa. Chukua namba 200 za ovyo, kelele tupu, uzipange kwa foleni. Toa ya mbele, ipeleke kwa spika. Chukua wastani wa hiyo na inayoifuata, weka jibu nyuma ya foleni. Rudia, mara 44,100 kwa sekunde. Basi. Utasikia kamba imekwanyuliwa. Kelele inageuka noti kwa sababu foleni inajirudia, na inafifia kwa sababu ule wastani unailainisha kila mzunguko, vile kamba ya ukweli hupoteza makali yake kwanza halafu ikatulia. Foleni ya namba 200 inakupa noti karibu na mitetemo 220 kwa sekunde. Ikiwa na namba 100, noti inapanda oktava moja. Urefu wa foleni ndio urefu wa kamba.

Pakua Pure Data, ya bure, kazi iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya tisini. Ni nyepesi, hata ile laptopu inayopiga kelele kama posho mill itaifungua. Anza na vitu hivi vinne: noise~, delwrite~, delread~ na lop~. Jenga kamba moja. Halafu nakili mara nane, kila moja na urefu wake. Umepata mwanzo wa nyatiti. Ngozi ya mwili, tafuta Rings ndani ya Cardinal, upitishe kamba zako humo mpaka zisikike ziko ndani ya kitu. Pete ya kidole, piga mlio mfupi wa chuma na uufupishe. Njuga ni kelele iliyokatwa vipande vidogo, ikifuata mguu.

Haitatoka vizuri mara ya kwanza. Itasikika kama gitaa la plastiki. Kwa hivyo nenda umsikilize mpigaji wa ukweli, uone mguu wake unagonga wapi kwenye mapigo, kamba gani anaizuia na lini, halafu urudi urekebishe namba. Muulize, na ukitoa ngoma, mlipe na umtaje. Hakuna apdeti ya Montreal wala Berlin ingekuletea hiyo sehemu. Hiyo iko Siaya.

Najua kuna msee ataniandikia kwamba nyatiti ya kompyuta si nyatiti. Sawa, kaka, sikupingi. Lakini sasa hivi kwenye biti zetu hakuna ya kompyuta na mara nyingi hakuna ya mbao. Kuna djembe ya folda. Mimi nachagua kujaribu.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyo ni ndugu, mtu anayekujua kwa jina. Wewe unategemea cha kampuni isiyojua hata Umoja ni mtaa.

Kwa hivyo hii wiki fanya vitu viwili. Fungua kila mradi wako wa zamani ambao bado unafunguka, uhifadhi sauti zake kama faili za kawaida za WAV, kabla apdeti ingine ya kompyuta haijakufungia. Halafu jenga kamba moja kwa Pure Data. Moja tu. Ukikwama niandikie uniambie umekwama wapi, nitakutumia yangu ulinganishe.

Wale wa Tassman 5, poleni. Ilikuwa kitu kizuri, na mlikuwa sahihi kuipenda. Sasa simameni.